Bibi harusi alilia nyuma ya kanga zangu: nifanyeje na kona ya singo?

SWALI

Shikamoo mama,

Nina saluni Kirumba, hapa Mwanza, karibu na njia ya kushukia mwaloni. Ni fremu moja ndefu. Mbele tunasuka, tunaosha na kukausha nywele. Nyuma nimekata kona ya kama mita 2 kwa 2 na nusu kwa kabati la mbao, na hapo ndipo nilipokuwa naweka rasta, mafuta na maboksi. Kuna kadirisha kanakotazama uchochoroni. Mwaka jana wateja wakaanza kuniulizia singo, ile ya manjano na liwa ya kusugulia mwili, na skrabu za mabibi harusi, nikaona riziki imenifuata mlangoni. Nikapanga maboksi upande mmoja, nikanunua kitanda cha masaji, nikatundika kanga mbili ziwe pazia, kazi ikaanza. Wapo pia akina dada wanaojistiri ambao hawataki kufunua nywele mbele za watu, nao nikawa nawapeleka hukohuko nyuma.

Mama, mwezi uliopita yamenikuta. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, nina bibi harusi kule nyuma amepakwa singo mwili mzima, amebaki na chupi tu. Kijana wa bodaboda akaleta mzigo wa rasta. Amezoea, kila akija anapitiliza mpaka stoo. Binti zangu wote mikono iko kwenye vichwa vya watu, hakuna aliyemsemesha. Nikasikia kanga inafunguliwa, kugeuka namwona amesimama na boksi kifuani, ameganda. Bibi harusi akapiga kelele, akajikunja, akalia mpaka singo usoni ikawa tope. Shangazi yake aliyemleta alimvisha hivyohivyo bila kuoga, wakaondoka. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Aliacha pesa yangu juu ya kaunta, na tangu siku hiyo wateja watatu wa harusi wameahirisha.

Kuna na mengine. Mashuka niliyonunua meupe yote yamekuwa ya njano, na mengine yakifuliwa yanatoka na mabaka mekundu. Sakafu ni tailizi, mafuta yakidondoka inateleza. Nikimaliza singo namfukizia mteja udi kwenye chetezo mlemle, lakini siku hizi mimi na wateja wote tunalalamika kichwa kuuma. Binamu yangu aliye Uingereza amenitumia video ya saluni za huko, mtu anasimama ndani ya kihema cha kukunja anapuliziwa rangi ya ngozi. Ananiambia ninunue kihema kama kile, faragha nimeipata. Fundi anataka nijenge ukuta wa jipsamu, mwenye nyumba hataki kitu cha kudumu, na mfukoni nina laki nne. Nishike lipi? Na yule bibi harusi, nimwache apoe au nimtafute?

Mwenye Saluni, Kirumba


JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na kichwa kinachouma, maana hilo halisubiri hata kesho.

Chetezo kina makaa. Makaa yakiwaka ndani ya kona iliyozibwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na udi unavyonukia vizuri hakuna anayeshtuka. Inaanza na kichwa kuuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu haamki. Ndiyo hewa ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Na wewe mteja wako amelala chali, macho amefumba, ametulia. Utajuaje kama amepumzika au amezimia? Toa chetezo humo leo. Nguo za bibi harusi zitandazwe juu ya tenga nje, uani, zifukizwe huko kama bibi zetu walivyofanya. Yeye mwenyewe, ukipata ua uliozungushiwa, afukizwe akiwa amejifunga kanga na upepo unapita. Usipoupata, udi uishie kwenye nguo.

Sasa kanga zako mbili.

Nimeisoma mara kadhaa ile sehemu ya kijana na boksi lake, na sioni kosa lake. Pazia humzuia anayejua kwamba nyuma yake kuna mtu. Yeye alijua nyuma yake kuna stoo, na alikuwa anapeleka mzigo stoo. Ulimweka mwanamke aliyevua nguo mahali ambapo watu wengine bado wana shughuli zao. Hata ungetundika mapazia matano, au ukajenga ukuta wa jipsamu, mradi rasta ziko humo ipo siku mtu atazifuata.

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, toa kila kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihitaji: rasta, mafuta, taulo za mbele, ufagio, chaja za simu za mabinti. Mzigo wowote upokelewe kaunta na usivuke hapo. Ninaposema kila kitu nina sababu. Nilipokuwa na saluni yangu Nyakato nilitengeneza chumba cha waksi, kizuri, mlango na komeo, nikajiona nimemaliza. Nilisahau kwamba kile kidude cha kuingizia namba za LUKU kiko kwenye ukuta wa ndani. Umeme ukaisha saa moja jioni, mteja yuko kitandani, binti akagonga, “Mama naomba niingize umeme,” na tochi ya simu inawaka mkononi. Mteja aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Kesho yake nilimwita fundi umeme akihamishe. Nawe simama katikati ya kona yako uzunguke taratibu, utazame kila ukuta, ujiulize nani ana haja na nini hapo.

Ukishaitoa stoo, ndipo tujenge. Jipsamu achana nayo. Inakula pesa, inaogopa maji, na ukihama unaiacha. Mwambie seremala akufungie fremu ya mbao za mbili kwa mbili, aivishe plaiwudi pande zote mbili, na aikaze kwa skrubu ili siku ya kuhama ifunguliwe vipande viondoke na wewe. Mwonyeshe mwenye nyumba mchoro kabla, mwandikiane kwamba utaifungua mwenyewe na kuziba matundu. Wengi wanaokataa ukuta hukubali kitu cha namna hiyo, kwa kuwa wanachoogopa ni kuharibiwa jengo. Kabati lako libaki upande wa mbele, lizibe sehemu ya plaiwudi, utaokoa mbao.

Mlango uwe mlango, wenye kitasa. Bawaba zifungwe upande ambao mlango ukifunguka nusu, ubao wake unakiziba kitanda. Mafundi wengi hufunga upande unaowarahisishia kazi, kwa hiyo simama naye siku hiyo. Kanga zako usizitupe, zitundike ndani, hatua moja kutoka mlangoni. Anayeingia anasimama kati ya mlango na kanga, anaita, anajibiwa. Komeo likae ndani, na wewe uwe na namna ya kulifungua kutoka nje kama mteja amezidiwa.

Halafu vioo. Saluni ni nyumba ya vioo, na kioo hakijui adabu. Mlango ukifunguka kidogo tu, aliyekaa kwenye draya mgongo ukielekea nyuma anaona kila kitu kwenye kioo kilicho mbele yake. Fanya jaribio hili: binti mmoja alale kitandani na nguo zake, mwingine afungue mlango kama anavyofungua siku zote, wewe keti kwenye kila kiti cha saluni, kimoja kimoja, utazame vioo na si mlango. Kiti kitakachokuonyesha hata mguu, sogeza kioo chake.

Rudia jaribio hilo saa moja usiku, taa ya ndani imewashwa. Kanga ni nyepesi, na taa ikiwa nyuma ya mtu, kivuli chake chote kinachorwa kwenye kitambaa, mpaka umbo la kifua. Taa iwe juu ya mlango imulike kuelekea ndani, isiwe ukutani nyuma ya kitanda. Na lile dirisha la uchochoroni usilibandike zile stika za kioo ukaona yamekwisha. Mchana zinamzuia wa nje kuona ndani, usiku taa ikiwaka ndani mambo yanageuka, wa nje ndiye anayeona na wewe unaona kioo kitupu. Paka rangi nusu ya chini ya kioo, ya juu iache wazi kwa hewa na uweke wavu wa matundu madogo. Unaijua Mwanza yetu. Wale wadudu wa ziwani wakipanda jioni wakaona taa, watamvamia mteja aliyepakwa singo wamgande kama ufuta kwenye mkate.

Sauti nayo ni uchi. Plaiwudi haizuii maneno, na fremu nyingi hapo mjini zinachangia dari moja, fundi cherehani wa pili yako anasikia. Redio ya mbele iwe na sauti ya wastani, na maswali ya mwilini uyamalize mkiwa mmekaa kabla hajavua: nguo gani inabaki, nisiguse wapi, una mimba, una kidonda, umenyoa lini. Ukiwa kazini usimuulize bibi harusi kwa sauti ya kawaida kama na huku nako umpake. Mlikwishakubaliana.

Kuhusu kihema cha binamu. Nakijua, na si kitu kibaya, ila kazi yake ni nyingine. Wale wanapuliza maji yenye DHA, sukari ambayo hukutana na protini za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, ikaligeuza la kahawia. Rangi haitoki papo hapo, inakolea kwa saa kadhaa, kisha inapukutika na ngozi yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kihema kipo ili ukungu ule usitue kwenye kuta na vifaa, na mbele kiko wazi ili mpuliziaji afanye kazi. Humfichi mtu humo. Ndiyo maana saluni zenye kujali hukiweka ndani ya chumba chenye mlango. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeruhusu DHA kupakwa nje ya ngozi tu, isifike machoni wala midomoni na isivutwe puani, kwa hiyo mteja hukingwa macho, midomo na pua, na feni inavuta hewa nje. Wewe hupulizi kitu, unasugua mtu aliyelala. Ukimtia ndani ya nailoni joto la saa nane za mchana, utakuwa umempika.

Lakini tazama ile video mara ya pili, uache kuangalia kihema. Mteja anapewa joho la kuvaa kutoka alipovulia nguo. Nywele zimefungwa kofia. Anapewa chupi ya kutumia mara moja. Nguo zake zimetundikwa kwenye ndoano, hazikurundikwa juu ya kiti. Hayo ndiyo ya kuiga, nayo hayahitaji meli kutoka Uingereza. Nunua ndoano nne, kofia za nailoni, na umpe fundi vitenge akushonee majoho matatu ya kufunga mbele.

Mashuka mekundu yamenifurahisha kwa sababu jibu lake ni tamu. Manjano yakikutana na sabuni hugeuka rangi, yanakuwa mekundu, na jiki nayo inafanya hivyohivyo. Hujaharibu kitu. Shuka likitoka kitandani lisuuze kwanza kwa maji matupu mpaka maji yatoke meupe, ndipo ufue kwa sabuni. Pakibaki wekundu, paka ndimu au siki utauona unarudi njano, suuza, kisha anika juani. Rangi ya manjano haiwezi jua. Jua la Mwanza la siku mbili tatu litafanya ambalo jiki imeshindwa. Na jiki usiichanganye kamwe na siki wala na dawa ya kusafishia choo, zinatoa hewa inayochoma mapafu. Ukija kununua mapya, chagua mashuka ya kahawia au ya rangi ya udongo, na chini yake tandika plastiki nene unayoweza kuifuta.

Tailizi: mkeka wa mpira wenye vijitundu kutoka kitandani mpaka anapoogea, na mteja asishuke kitandani bila ndara miguuni na mkono wako kiwikoni. Maji nayo hukatika, kwa hiyo usimpake mtu singo kabla hujaona kwa macho yako ndoo mbili zimejaa. Yule binti wa watu alitoka kwako na manjano yamekaukia mwilini. Asitoke mwingine hivyo hata kwa sababu ya bomba.

Singo ya mteja mmoja ikorogwe kwenye bakuli lake, kijiko chake, na ikibaki imwagwe. Kuirudisha kwenye kopo kubwa ni kuhamisha fangasi za huyu kwenda kwa yule. Liwa, karafuu na mafuta ya kunukia humwasha mtu mwingine vibaya sana, kwa hiyo siku mbili kabla umpake kidogo ndani ya kiwiko, umwambie akiwashwa akupigie simu. Aliyefanyiwa waksi au aliyenyoa jana asisuguliwe leo. Na ndimu, mwanangu, itoe kwenye singo kabisa. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, ngozi huungua, hutoka malengelenge na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Hebu fikiria mabaka hayo shingoni mwa bibi harusi aliyevaa shela.

Watakuja wa kukwambia uongeze kidogo cha kung’arisha. Kataa. Mkorogo mara nyingi una hidrokwinoni au zebaki, vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Singo ni ya kulainisha na kunukisha. Anayetaka kubadilishwa rangi yake hujamwandalia chumba hicho.

Simu. Hujaigusa kwenye barua na mimi ndiyo inayoninyima usingizi kuliko bodaboda. Kijana yule aliona mara moja akakimbia. Picha haikimbii. Weka kikapu nje ya mlango wa chumba, simu za mabinti zilale humo, na ya kwako ianze. Bibi harusi akitaka picha ya hina yake, ipigwe kwa simu yake, mbele, amevaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Kuiweka kwenye stetasi ya saluni bila ridhaa yake si tangazo la biashara.

Laki nne zako zitumike kwa utaratibu huu: mlango na plaiwudi kwanza, kisha mkeka na wavu, halafu majoho. Mashuka yasubiri yale ya zamani yachakae. Na mpaka mlango ufungwe usipokee singo, hata mteja akiomba.

Umeuliza umwache apoe. Hapana, mtafute, na mlango wake ni shangazi. Yeye ndiye aliyemleta kwako kwa mkono wake, na nahisi ndiye anayejilaumu zaidi nyumbani. Usitume ujumbe wa simu. Nenda asubuhi, ufuatane na mama yako au mwanamke mzima anayeheshimika mtaani kwenu. Usimtaje bodaboda, usiseme Jumamosi ilikuwa na watu wengi. Sema hivi: nilimweka binti yenu mahali ambapo hapakuwa pa kumvua nguo, kosa ni langu, nimekuja kuomba radhi, na pesa yenu hii hapa. Kisha nyamaza. Usimwahidi singo ya bure, ataona unanunua ukimya wake. Akiuliza umebadilisha nini, mweleze mlango. Asipouliza, usimweleze. Bibi harusi akikataa kutoka chumbani kukuona usimuulizie, ana haki ya kutoonekana na wewe. Wakikupa kiti, kaa. Wakikukaribisha chai, kunywa, hata kama umetoka kuinywa kwako.